Jinsi ya Kuvundisha Nyama ya Ndama Bila Kutoka Jasho

Vitabu vya mapishi vimejaa maelekezo ya kuipika nyama ya ndama: ikaangwe hivi, ichemshwe vile, ndimu ije mwisho. Sijaona hata kimoja kinachomfundisha mtu namna ya kuiharibu, na hali hiyo ndiyo kazi inayofanyika kila siku katika majiko ya Dar es Salaam, tena na watu wasioisomea popote. Mwongozo huu unaziba pengo hilo. Atakayeufuata kwa uaminifu atapata uvundo wa uhakika ndani ya siku moja, na bado atabaki na muda wa kuulaumu umeme.

Tumjue kwanza ndama mwenyewe. Ulaya anayechinjwa kwa kawaida ni dume la ng'ombe wa maziwa, kiumbe asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba hatakamuliwa kamwe. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2008 inatenganisha nyama ya mnyama aliyechinjwa kabla ya kupita miezi 8 na ya yule wa kati ya miezi 8 na 12, kila moja na jina lake la kuuzia. Austria wana ukali wao: mkahawa ukiandika Wiener Schnitzel kwenye orodha ya vyakula, nyama lazima iwe ya ndama, ukitumia ya nguruwe, useme wazi. Sheria ya namna hiyo kwetu ingejaza mahabusu.

Maana huku ndama hachinjwi ovyo. Ng'ombe wa kienyeji, yule mwenye nundu, mara nyingi hateremshi maziwa mpaka ndama wake anyonye kidogo au asimame karibu amwone. Ukimchinja ndama umechinja na maziwa. Mfugaji wa Monduli au wa Shinyanga akisikia unataka kitoweo cha ndama, atakuuliza kwa upole kama nyumbani wote wazima. Kwa hiyo nyama ya ndama wa kweli utaikuta kwenye hoteli za kitalii, kwenye supamaketi chache ikiwa imegandishwa, na kwenye bucha la mtaani kwako, ambako kila nyama ni ya ndama.

"Kaka, nataka steki laini."

"Mama, hii ndama kabisa, haihitaji hata meno."

"Mbona mfupa wake mkubwa hivi?"

"Ndama wa Kisukuma huyo, mama. Wanakua haraka."

Ulaini wenyewe mara nyingi unatoka kwenye papai bichi. Utomvu wake una kimeng'enya kinachokatakata nyuzi za nyama. Maksai mstaafu wa jembe la kukokota akilazwa humo kwa muda, anaamka ndama. Ndama halisi utamtambua kwa rangi: ni ya waridi hafifu, kwa kuwa misuli ya mnyama mchanga haijajaa mioglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu. Mengine yote, kuanzia bakteria hadi majuto, anachangia na mama yake, na ndiyo maana mwongozo huu utakufaa hata kama ulichouziwa kiliwahi kulima.

Vitabu vitakatifu havitatusaidia sana. Ibrahimu alipofikiwa na wageni alikwenda kwenye ndama, katika Mwanzo na katika Surat Hud vilevile. Yule baba wa Luka 15 aliporudiwa na mwanawe aliagiza ndama aliyenona. Kote huko ndama anafikishwa mezani upesi iwezekanavyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nusu iliwekwa kwa ajili ya Jumatano. Sisi ndio tuliokuja na Jumatano.

Basi tuingie kazini. Siri ya kwanza ni kununua kwa kuchelewa. Nyama ya Dar es Salaam inasafiri gizani: ng'ombe amepitia mnada wa Pugu, amechinjwa Vingunguti, na kabla jua halijawa kali mapande yake yako mabuchani. Mwenye pupa ya afya ataamka alfajiri akaichague ikiwa na saa chache tu. Wewe lala. Nenda saa 10 jioni, nyama ikiwa imening'inia kwenye ndoano tangu asubuhi katika joto la nyuzi 31, ikipokea vumbi la bajaji na salamu za kila mpita njia. Chagua pande lililo upande wa jua. Usiulize kama friji ya bucha inafanya kazi au imegeuzwa kabati la soda za wafanyakazi. Usitafute muhuri wa wino wa mkaguzi, ule unaoonyesha kwamba mtu mwenye ujuzi alimtazama mnyama huyu, maini yake na mapafu yake, akaridhika. Muhuri hauongezi ladha.

Kwa nini saa zina maana? Bakteria akipata joto, maji na chakula, na nyama inampa vyote vitatu bila kodi, anaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Kwa mwendo huo, mmoja tu aliyetua saa 12 asubuhi, ikifika saa 6 mchana wako 262,144. Na lile gogo la kukatia, lenye nyufa zilizoshuhudia wenye bucha watatu wakipokezana, halijawahi kuleta mmoja.

Kuna wateja wanaotazama nzi. Wanasema nyama yenye nzi ni salama maana haina dawa, na isiyo na nzi imepuliziwa. Hofu yenyewe haikutoka hewani. Julai 2019 ripoti ya televisheni nchini Kenya ilizua tafrani baada ya kuonyesha nyama inavyotiwa sodiamu metabisulfaiti, kemikali inayorudisha wekundu na kufifisha harufu wakati nyama yenyewe imeshachoka. Lakini kumteua nzi kuwa mkaguzi ni kumwajiri mtuhumiwa. Anaanzia chooni, anapita jalalani, ndipo anakuja kazini, na haandiki ripoti. Nyama inayostahili kukosa nzi ni ile iliyo ndani ya kabati la kioo lenye ubaridi. Ya kuuliza maswali ni inayoning'inia nje saa 11 jioni, kwenye joto, ikiwa bado inang'aa wekundu bila hata doa la kahawia.

Ukishafungiwa kilo zako, usirudi nyumbani. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: wanafanya shughuli zote kwanza, nyama wanainunua mwisho, wengine wana kikasha cha barafu kwenye gari. Wewe ianze nyama. Kisha pita saluni, kamwone mgonjwa, ukae kidogo maana si adabu kusimama mlangoni, halafu ingia foleni ya Mwenge. Idara ya Kilimo ya Marekani inasema chakula kinachoharibika kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, saa 1 tu. Buti la gari lililoegeshwa juani Kariakoo mwezi wa Februari linavuka 32 bila kuombwa. Ukifika nyumbani saa 3 usiku, nusu ya mtaala umeshaimaliza.

Wapo wanaoamini nyama isiyooshwa ni aibu ya mpishi. Sitabishana nao, mama zetu walitulea hivyo. Ila ukitaka matokeo ya haraka, fungua bomba mpaka mwisho ili matone yarukie vikombe, mswaki wa mtoto na kitambaa cha mikono. Maji hayaui bakteria, yanawasafirisha. Atakayewaua ni moto. Mtu mwoga akilazimika kuosha hutumia maji kidogo ndani ya bakuli, kisha anasugua sinki kwa sabuni na kunawa mikono hadi kwenye viwiko.

Sasa friji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu panahitaji kipaji.

Watu wengi wanaamini friji inasimamisha wakati. Inachofanya ni kuuchelewesha, na hata hilo inaliweza tu ikiwa chini ya nyuzi 5. Ukitaka iache, ijaze. Ingiza sufuria la maharage likiwa linafuka moshi, ndoo ya maji ya kunywa, maandazi ya juzi, dawa ya macho ya bibi, na ile keki ya send-off ambayo hakuna anayethubutu kuitupa. Hewa baridi ikikosa pa kupita, friji inakuwa kabati lenye taa. Kisha waruhusu watoto wasimame mbele yake mlango ukiwa wazi, wakitafakari maisha.

Nyama iweke rafu ya juu kabisa, bila kufunikwa, ili majimaji yake yadondokee kachumbari. Kachumbari haipikwi, na ndio uzuri wa mpango: bakteria ambao wangekufa kwenye mchuzi wanapata njia ya mkato. Rafu ya chini, ndani ya chombo chenye kingo na kifuniko, tuwaachie wasiojiamini.

Kuhusu siku, ni vizuri ujue kanuni ili uivunje kwa makusudi. Kwa mapendekezo ya hao hao Wamarekani, steki na mapande ya ndama hukaa kwenye friji siku 3 hadi 5. Kima, siku 1 au 2. Maini, figo na moyo, siku 1 au 2 vilevile. Kima ina haraka kwa sababu ya mashine: bakteria wa nyama nzima wako juu juu, mashine inawachukua na kuwakaribisha ndani. Ndiyo maana steki nzima inaweza kusamehewa kidogo moto, lakini kababu mbichi katikati haisameheki. Shirika la Afya Duniani linataka nyuzi 70 katikati ya chakula. Jikoni kwetu kipimajoto ni kidole cha mpishi, na kidole hakina namba.

Ukitoka kwenye friji kuna friza, ngome ya matumaini. Kwa nyuzi hasi 18 bakteria hawakui. Hawafi, wanalala, na ni muhimu kuwaheshimu waliolala. Steki iliyogandishwa vizuri hubaki na ubora kati ya miezi 4 na 12, kima miezi 3 au 4. Njia ya kuikwepa faida hiyo ni kuingiza pande la kilo tano kama lilivyotoka bucha, ndani ya mfuko mmoja, juu ya samaki. Ngozi ya nje itakuwa jiwe, na katikati patabaki na joto muda mrefu, pametulia, pana giza, wageni wetu wakiendelea na hesabu ya dakika 20. Anayetaka nyama idumu huikata vipande vya mlo mmoja mmoja, huvifunga bapa bila hewa, huandika tarehe. Hiyo tarehe usiandike. Raha ya friza ni kukutana na pande lisilojulikana kama ni la Pasaka au la Maulidi, ya mwaka upi.

Sherehe kuu ya friza kwetu ni Idi ya Kuchinja. Asubuhi ile nyama yote ya mtaa ina joto moja, na adhuhuri yote inatafuta friza ile ile ya Mama Mkubwa. Katika Hadithi imepokewa kwamba Mtume aliwahi kukataza watu kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku 3, kwa kuwa kulikuwa na wahitaji wengi; baadaye akaruhusu, wale, watoe sadaka na waweke akiba. Ruhusa hiyo tuliikumbatia kwa mikono miwili, hasa pale kwenye akiba. Tumesahau tu kwamba akiba ya wakati ule ilikuwa vipande vyembamba vilivyoanikwa juani vikakauka. Wasomali na Waborana mpaka leo hukausha nyama, huikata vipande vidogo mno, huikaanga na kuizamisha kwenye samli, na nyirinyiri hiyo hukaa miezi bila waya wowote wa umeme. Waliondoa maji, wakafunga mlango wa hewa, basi. Sisi tuna friza ya lita 300 na bado tunaita mafundi.

Na umeme je? Hakuna mwongozo wa kuvundisha nyama Tanzania usioutaja. Wenye umri wanakumbuka mgao wa 2006 na wa 2011, jenereta zikinguruma mpaka kwenye vinyozi. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha umeme, na nadhani kila fundi friji alikaa chini akawaza atakula nini. Asiwe na hofu. Hata mto ukijaa pomoni, yuniti za LUKU zinaisha saa 8 usiku, na mwenye simu yenye salio amelala.

Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hutunza saa 48, iliyo nusu saa 24, kwa sharti kwamba mlango haufunguliwi. Sharti hilo ndilo la kulivunja. Fungua kila nusu saa uone kama nyama bado ipo. Ishike, iminye, mwite na shemeji aminye. Umeme ukirudi alfajiri kila kitu kitaganda upya, kitang'aa, na hakuna atakayejua kwamba usiku ule nyama ilikuwa maji. Isipokuwa yule mnoko mwenye kikombe: amegandisha maji ndani yake, juu ameweka sarafu ya shilingi 200, akakirudisha kwenye friza. Akitoka safari akaikuta sarafu imezama chini, anajua barafu iliyeyuka yote na nyama imeshakula chumvi nyingi. Ikiwa bado iko juu, anapika pilau. Watu wa namna hii ni wagumu kuwaua.

Kuyeyusha nakupitisha haraka: itoe asubuhi, iache juu ya sinki uende kazini, urudi jioni. Ikibaki, irudishe igande tena. (Ya kuyeyushia ndani ya friji tangu usiku, au kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, tumewaachia wenye subira.)

Tumefika siku ya hukumu. Nyama iko kwenye sinia na ukoo umekusanyika.

"Mama Asha, hebu nusa hapa."

"Ya kawaida tu, Baba Asha. Ng'ombe ni ng'ombe."

"Mbona inateleza?"

"Mafuta hayo."

"Si ulisema ndama hana mafuta?"

"Basi ni ujana."

Kamati ya kunusa ina kasoro moja ya kikatiba: aliyetoa hela ndiye mwenyekiti. Kilo ya nyama si bei ya mchicha, na pua ya mlipaji husikia kulingana na risiti. Hata hivyo tuziorodheshe dalili, ili azipuuze akiwa anazijua. Harufu chungu, ya kuchacha, au inayochoma pua mithili ya mkojo wa jana. Ute unaonata kidoleni na kuvutika unapoinua mkono. Nyama iliyolegea, ukiibonyeza shimo linabaki. Ukijani au ukijivu uliosambaa pamoja na harufu. Pakiti iliyovimba.

Rangi peke yake ni shahidi wa kuhojiwa kwa makini. Nyama iliyokosa hewa huwa na rangi ya zambarau. Ikipata hewa hugeuka nyekundu. Ikikaa inakuwa kahawia, na ukahawia huo ni mioglobini iliyobadilika kemikali, haumaanishi imeoza. Kwa ndama, ambaye rangi yake ni hafifu tangu mwanzo, ukahawia huonekana mapema na kutisha bure. Mng'ao wa upinde wa mvua kwenye steki iliyokatwa ni mwanga tu unavyocheza juu ya nyuzi. Na ile ya supamaketi iliyobanwa kwenye plastiki bila hewa hutoa kaharufu ka uchachu unapoifungua. Iache wazi dakika chache. Kakitoweka, sawa. Kakikaa na kuita wenzake, hapana.

Lakini nimwambie mwanafunzi wangu jambo ambalo kamati haipendi kulisikia. Wanaonuka na wanaoumiza kwa kawaida ni watu wawili tofauti. Harufu na ute huletwa hasa na bakteria wa uvundo, akina Pseudomonas, ambao hujitangaza wakifika kama milioni 10 kwa kila sentimita mraba ya uso wa nyama. Hao ni wapiga kelele. Salmonella, au ile aina ya E. coli inayoharisha damu, anaweza kukaa kwenye steki yenye rangi nzuri, harufu nzuri, mguso mzuri, asiseme neno. Pua inaweza kuihukumu nyama mbovu. Haiwezi kuisafisha nyama nzuri. Kinachojua ukweli ni saa na kipimajoto, na ndio wajumbe wawili ambao kamati haijawahi kuwaalika.

Kikao kikigawanyika, mpishi huleta maridhiano: ndimu, siki, tangawizi, kitunguu saumu, bizari ya kutosha kumfufua marehemu. Harufu inaondoka. Wenye harufu wako palepale, sasa wamepakwa viungo. Halafu inasikika ile kauli inayofunga mjadala wote: "Tuichemshe sana." Kuchemsha kunaua bakteria wengi, kweli. Ila Staphylococcus aureus, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono ya mtu yeyote aliyeishika nyama, akipata joto na muda huacha sumu ambayo haivunjiki kwa kuchemsha hata nusu saa. Umemuua mpishi wa sumu, sumu umeipakua. Kutapika kwake huanza ndani ya saa chache, mara nyingi wageni wakiwa bado hawajaaga.

Kiporo nacho kina heshima yake katika mtaala huu. Lile sufuria kubwa la shughuli, lililofunikwa kawa na kuachwa jikoni lipoe taratibu hadi asubuhi, ni shamba la Clostridium perfringens: mbegu zake hustahimili mapishi, kisha huamka chakula kinapopoa polepole na kuzaliana kwa kasi. Ndiyo maana harusi moja inaweza kuharisha mtaa mzima, na lawama zote zikamwangukia shangazi wa upande wa pili. Kugawa pilau kwenye vyombo vidogo vya kina kifupi na kuviingiza kwenye friji ndani ya saa 2 kunaharibu kabisa uwezekano huu. Kupasha kiporo juu juu, mpaka kiwe vuguvugu, kunaurejesha.

Kuna mlango mmoja ambao mwongozo huu, pamoja na utani wake wote, haufungui. Ni kibudu. Ng'ombe au ndama aliyekufa mwenyewe, hasa aliyekufa ghafla na damu ikatoka puani, mdomoni au kwenye njia ya haja, anaweza kuwa amekufa kwa kimeta. Huyo hachunwi, hapasuliwi, haliwi, hata kama bei imeshuka hadi nusu na muuzaji ni ndugu yako wa damu. Mbegu za kimeta huishi ardhini miaka mingi na haziogopi sufuria ya nyumbani. Anayeitwa hapo ni ofisa mifugo, na mzoga anauacha ulipo mpaka afike.

Kwa iliyobaki, nakuachia uamuzi. Nyama yenye shaka itupe ikiwa imefungwa vizuri. Usimpe mbwa, wala mlinzi, wala usimpelekee jirani ukaita sadaka. Na kama imeshaliwa, mpe mgonjwa maji yenye ORS kidogo kidogo, mara kwa mara. Wengi hupata nafuu ndani ya siku 1 au 2. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au macho yamezama na mkojo umepungua, au anayeumwa ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee, usisubiri kupambazuke: mpeleke kituo cha afya, na mweleze daktari alikula nini, saa ngapi, na kina nani wengine walikula.